Nimeosha AC ya Noah yangu Mwanakwerekwe, uvundo umekwisha

Wenye gari ambazo AC ikiwashwa inatoa uvundo, hasa msimu wa masika, nakuelezeni nilivyohudumiwa kwenye gereji moja ya Mwanakwerekwe, hapa Unguja, maana nimeridhika kwelikweli.

Noah yangu ukiwasha AC, upepo wa mwanzo ulikuja na harufu ya nguo zilizovundia kwenye beseni. Mwanangu ana pumu. Asubuhi nikimpeleka skuli ni chafya njia nzima na kifua kinambana. Gereji nyengine niliyoanzia walinijazia gesi na kunitundikia manukato kwenye kioo. Baridi iliongezeka, uvundo ukabaki pale pale, na manukato yenyewe yakawa yanamkera mtoto zaidi.

Fundi wa Mwanakwerekwe gesi hakuigusa. Alifungua droo ya dashibodi akachomoa filta ya AC: nyeusi, imeshikana vumbi na majani makavu ya mwarobaini, na pembeni imeota ukungu wa kijani. Mtoto wangu alikuwa akivuta hewa iliyopita hapo! Akanieleza kuwa hewa yetu ina unyevu mwingi, na ikipita kwenye kuling koili, kile kipande cha AC kinachopoza hewa, unyevu huo hugeuka maji, ambayo hutoka chini ya gari kwa mpira mdogo. Wangu ulikuwa umeziba tope. Koili haikauki, vumbi limeiganda, na ukungu hautaki zaidi ya hapo.

Aliuzibua mpira, akapuliza povu la dawa kwenye koili, akaliacha kidogo kisha akasuuza. Maji ya mwanzo yalitoka meusi, yana utelezi. Hakuniachia gari mpaka yalipotoka safi na feni imekausha ndani.

Akanifundisha pia: nikikaribia nyumbani nizime AC lakini feni niiache ipulize dakika chache, koili ikauke kabla sijazima gari. Nafanya hivyo kila siku na harufu haijarudi. Dawa za pumu mtoto anaendelea nazo kama alivyoandikiwa na daktari, lakini chafya za ndani ya gari zimekwisha.

Kazi nililipa Tsh 70,000, na kwangu ni halali yao. Kasoro ni moja, filta mpya hawauzi, ikabidi niifuate Darajani huku gari limefunguliwa. Ukienda, inunue kabisa kabla, na nenda asubuhi ili koili ipate muda wa kukauka.