Nihon Shoki kwa Kiingereza: yaliyomo dhahabu, gundi maji

Nilikiagiza mtandaoni: Nihon Shoki, tafsiri ya Kiingereza ya W. G. Aston ya mwaka 1896, iliyochapwa upya kwa kupiga picha kurasa za zamani. Aliyeichapa kalipua kazi. Tanbihi zimefifia hadi nikawa nazisoma kwa tochi ya simu, na wiki ya pili gundi ya mgongoni ikaachia. Gombo la 9 na la 10 sasa yanaishi kwenye bahasha.

Lakini yaliyomo! Hii ndiyo ya kwanza kati ya historia sita rasmi za dola ya Japani. Ilikamilika mwaka 720 chini ya mwanamfalme Toneri, magombo 30, kwa Kichina, maana ndiyo iliyokuwa lugha ya maandishi ya serikali.

Mwanzo unachosha kidogo. Mfalme Jimmu anashika enzi mwaka 660 KK na kufa na miaka 127. Nikacheka, nikafungua ukurasa mwingine. Kilichonishika kwenye visa vya miungu ni kwamba waandishi hawalazimishi simulizi moja. Wanatoa yao, kisha "andiko moja lasema", kisha jingine, na jingine tena, kama wazee msibani wakibishania nasaba ya marehemu.

Ukiwa na haraka, anza gombo la 24. Mwaka 645, mbele ya Malkia Kōgyoku, waraka unasomwa, na Soga no Iruka, mwenye nguvu kuliko wote pale, hajui alichoandaliwa. Anayesoma jasho linamchuruzika, sauti na mikono vinamtetemeka. Kulikoni? anauliza Iruka. Jibu: ni hofu ya kuwa karibu na malkia. Mara panga zinamshukia. Kesho yake baba yake, Emishi, akijua zamu yake imewadia, anachoma kumbukumbu za watawala na za nchi. Mtu mmoja anawahi kupokonya sehemu motoni. Nimekirudia kisa hicho mara tatu, na kila mara najikumbusha kuwa anayenisimulia ni upande ulioshinda.

Aston naye ana haya zake: vitimbi vichafu vya Mfalme Buretsu kavificha kwa Kilatini. Nimemsamehe.

Nyota nne. Ukiona toleo lililoshonwa kwa uzi, ongeza pesa ulichukue. Hili langu naona litaishia kwa fundi.