Traina ya ndani baada ya kuvunjika mtulinga: miguu inarudi, bega lina ratiba yake

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambae sasa hivi mkono uko kwenye kitambaa, baiskeli imeegemea ukutani, na kichwani swali ni moja tu: lini nitarudi kwenye safari ndefu. Hilo swali nimekaa nalo muda mrefu, na kitu kilichonisaidia kuliko vyote ukitoa daktari na fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) ni traina ya ndani, yaani mashine ya kupigia pedali ukiwa nyumbani, ile aina ya kutoa gurudumu la nyuma na kufunga baiskeli moja kwa moja kwenye mashine. Kampuni siitaji kwa sababu hizi za daraja la kati zinafanana sana, nachotaka kueleza ni hii aina inamfaa vipi mtu aliyeumia, maana sifa nyingi unazosoma zimeandikwa na watu wazima wa afya wanaosubiri mvua iishe.

Mtulinga, ule mfupa mwembamba kati ya kifua na bega, ni moja ya mifupa ambayo waendesha baiskeli wanavunja sana. Unaanguka, unafikia bega au unatanguliza mkono, nguvu yote inapita begani na mfupa unakatika, mara nyingi pale katikati. Wengine wanafungiwa chuma na skrubu, wengine wanaachiwa kitambaa na muda, daktari ndo anaamua kwa picha. Kwa mtu mzima mfupa unachukua kama wiki 6 hadi 12 kuunga, na kuwa imara kabisa ni zaidi ya hapo. Sasa katika hizo wiki zote miguu haina tatizo lolote! Mapafu mazima, moyo mzima, magoti mazima, na vyote vinashuka kila wiki kwa sababu ya mfupa mmoja mwembamba. Traina inatenganisha hivyo viwili, unafanyisha kazi miguu huku bega limekaa kimya, na kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuitetea hii mashine.

Kuna aina tatu ujue. Ya kwanza ni zile za rola ambazo baiskeli inakaa juu bila kufungwa unasawazisha mwenyewe, hizo kwa majeruhi hapana, hata usijadiliane na mtu, ukiyumba kidogo unadondokea bega lile lile. Ya pili unabakisha gurudumu la nyuma na kirola kinabana tairi, ni nafuu na inafanya kazi ila inakula tairi, ina kelele na inahitaji upepo wa tairi uwe ule ule kila siku ndo namba zilingane. Ya tatu ndo hii yangu, kaseti ya gia iko kwenye mashine yenyewe, mnyororo unakaa pale, na ndani kuna gurudumu zito linalofanya pedali zizunguke laini. Uimara wake ndo ulionivutia, ukipanda haitingishiki. Lakini huo uimara unatokana na uzito, nyingi ziko kilo 15 hadi 20 na kuendelea, na mtu mwenye mkono mmoja hawezi kuibeba wala kuinua baiskeli na kuipachika juu yake. Tafuta mtu akufungie, akaze ekseli vizuri, alafu iache hapo hapo mpaka upone. Usifungue fungue.

Kabla hata hujanunua muulize daktari wako lini unaruhusiwa, na umuulize hivyo hivyo, "kukaa kwenye baiskeli iliyofungwa, mkono mmoja, bila kuegemea". Wengi wanauliza "naweza kuendesha?" na jibu linakuwa hapana, kwa sababu anachofikiria yeye ni barabara. Kama umefanyiwa upasuaji kuna suala la jasho pia, kidonda lazima kikauke kwanza, hilo halina mjadala.

Nilivyoruhusiwa tulipandisha usukani juu kadri ulivyoweza ili nikae wima, mkono mbovu kwenye kitambaa, mkono mzima umeshika usukani kwa wepesi tu. Stuli imara pembeni upande wa mkono mzima kwa ajili ya kupanda na kushuka, na hapa pa kupanda na kushuka ndo pa kuogopa kuliko kupiga pedali kwenyewe, fanya taratibu kila mara hata siku ambayo unajisikia umepona. Hakuna kusimama kwenye pedali, hakuna kukimbiza mwisho wa zoezi, kwa sababu ukisimama au ukikaza lazima utavuta usukani na ukivuta usukani bega linaingia kazini.

Na hapa sasa ndo napoipenda hii mashine. Ina modi ya ERG, yaani unaiambia nataka wati 120 (wati ni kipimo cha nguvu unayotoa kwenye pedali) na yenyewe inashikilia hizo hizo 120 hata ukizungusha haraka au polepole, inaongeza na kupunguza uzito wa pedali yenyewe. Kwa mtu asiyeumia hiyo ni raha ya mazoezi tu, kwa majeruhi ni kitu kikubwa zaidi, maana huhitaji kubadilisha gia kabisa. Kama umeumia upande wa kulia, na gia za nyuma kwa kawaida zinabadilishwa kwa mkono wa kulia, utaelewa nasema nini. Unaweka namba, unazungusha, mkono umetulia. Nilianza na uzito mdogo sana, ule ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, nikabaki hapo mpaka fizio aliposema nipande.

Lakini ERG ina tabia moja lazima uijue. Ukichoka kasi ya kuzungusha pedali ikashuka, mashine inaongeza uzito ili wati zibaki pale pale, uzito ukiongezeka mzunguko unashuka tena, inaongeza tena, mpaka miguu inagoma kabisa kama umeingia kwenye matope. Mtu asiyeumia atasimama kwenye pedali apigane nayo, wewe huruhusiwi kupigana. Ukiona mzunguko unashuka acha kupiga pedali sekunde chache, traina itaachia, uanze upya, au toka ERG uweke modi ya kawaida ambayo uzito haubadiliki. Nasisitiza hili kwa sababu ndo sehemu pekee ambayo mashine yenyewe inaweza kukuumiza.

Mfano mkubwa wa hii njia ni Mathew Hayman wa Australia. Mwezi wa pili 2016 alivunjika mkono kwenye mashindano ya Omloop Het Nieuwsblad, akajifungia kufanya mazoezi kwenye traina ya ndani, na mwezi wa nne mwaka ule ule akashinda Paris-Roubaix, mashindano ya siku moja ya Ufaransa, zaidi ya kilomita 250 na mawe yale ya kutingisha mifupa yote. Kila nikiifikiria naona ni moja ya ushindi mzuri kabisa katika huu mchezo. Ila tuelewane, yule ni profesheno ana madaktari nyuma yake na ni mkono sio mtulinga, kwa hiyo chukua moyo, usichukue ratiba.

Joto. Ndani hakuna upepo wa mwendo, kwa hiyo mwili unachemka haraka, mapigo ya moyo yanapanda hata kama wati hazijaongezeka na unaanza kudhani umeisha kabisa. Sio kweli, ni joto. Feni kubwa mbele yako ni sehemu ya bei ya traina, hesabu hivyo tangu mwanzo. Taulo juu ya usukani na fremu pia, jasho lina chumvi na linakula bolti za usukani na beringi za mbele polepole bila wewe kuona. Chini weka mkeka mnene, mashine yenyewe ni kimya, kinachosikika ni mnyororo wako na mtetemo unaoshuka sakafuni kwa majirani.

Siti nayo. Barabarani baiskeli inacheza chini yako, unainuka kwenye mashimo, unashuka mteremko bila kupiga pedali. Kwenye traina uko pale pale muda wote, na ukikaa wima kwa sababu ya mkono ndo uzito wote umehamia makalioni, kwa hiyo vipindi vifupi. Mi naona saa moja hadi moja na nusu inatosha sana wakati huu, na kwa kuwa hakuna mahali pa kuteleza bure hiyo saa moja ina kazi nyingi kuliko saa moja ya barabarani. Sijawahi kuona faida ya kukaa masaa manne kwenye traina eti kwa ajili ya kujiandaa na safari ndefu, hasa kwa mtu anayepona.

Malalamiko yangu mawili. Mawasiliano na simu yanakatika mara nyingine, hasa vifaa vingi vikiwa vimeunganishwa kwa Bluetooth chumba kimoja, na ikikatika katikati ya ERG uzito unabaki ulipokuwa au unapotea ghafla, vyote viwili havipendezi ukiwa na mkono mmoja. Alafu adapta za ekseli na kaseti, zingine zinakuja kwenye boksi zingine hazipo, na huduma kwa wateja walinijibu polepole mno wakati mimi wiki zinaenda. Hakikisha ekseli ya nyuma ya baiskeli yako na idadi ya gia zinaendana na mashine kabla ya kulipa.

Sasa twende kwenye kile ambacho traina haiwezi, na hapa naomba usome vizuri. Wati zangu zilirudi mapema kuliko nilivyotegemea, na mtu akiona wati zimerudi anaamini amepona. Kwa safari ndefu sio hivyo. Angalia brevet (safari ndefu ya kumaliza ndani ya muda uliowekwa, sio ya kushindana) ya kilomita 200, muda unaopewa ni masaa 13 na nusu, ukigawa ni wastani ambao haufiki kilomita 15 kwa saa, tena humo ndani kuna kula, kujaza maji, kuziba pancha. Miguu ya mtu mwenye mazoezi ya kawaida inaweza hiyo kazi. Kinachomaliza aliyevunjika mtulinga ni saa ya saba, ya nane, pale shingo inapokaza, kiganja kinakufa ganzi, na lile bega limepokea mitetemo ya barabara tangu asubuhi. Hiyo mitetemo traina haina. Haina mashimo, haina breki ya ghafla, haina kugeuza shingo kuangalia gari nyuma. Ndo maana nikipima hii mashine naipa sifa zote kwa mapafu na miguu, na kwa kitu kinachoamua kama utamaliza safari ndefu siipi chochote, hiyo kazi ni ya fizio na ya barabara yenyewe, kidogo kidogo.

Mi nilikubaliana na fizio kwamba sitoki nje mpaka niweze mambo haya kwenye baiskeli iliyosimama: kubana breki zote mbili kwa nguvu bila maumivu, kuegemea usukani kwa mikono miwili na kuhamisha uzito, kugeuza kichwa pande zote, na kunywa maji kwa mkono mmoja huku mbovu wa zamani ndo umeshika usukani. Hili la mwisho ndo lilichelewa kuliko yote na ndo lenye maana kuliko yote, maana linakuambia kama huo mkono unaweza kuiongoza baiskeli peke yake ukikutana na shimo.

Ukianza kutoka, usukani uache juu kwanza, tairi pana kadri fremu inavyoruhusu na upepo upunguze, weka mkanda mnene kwenye usukani. Begi la mgongoni achana nalo, kamba yake inapita juu ya mtulinga kabisa na kama una chuma utaisikia kila kilomita, mizigo yote ihamie kwenye mifuko ya fremu. Helmeti uliyoangukia nayo usiivae tena hata kama haina alama, ile foamu ndani inafanya kazi yake mara moja tu ikishabonyea basi. Foki na usukani kama ni vya kaboni vikaguliwe na fundi anayejua. Na hofu ya kuteremka usiione aibu, ni ya kweli, inapungua ukianza na njia unazozijua na mtu unaemuamini akiwa pembeni.

Traina siiuzi hata sasa hivi ninavyopanda nje. Katikati ya wiki nafanya zoezi gumu ndani ambapo hakuna cha kuniangusha, mwisho wa wiki naenda nje kwa ajili ya masaa tu, polepole, bila kuangalia wati, kuzoesha shingo na bega. Macho yangu yako kwenye mfululizo wa brevet za kilomita 200, 300, 400 na 600, maana huo ndo mlango wa kuingilia Paris-Brest-Paris, ile safari ndefu ya Ufaransa, kilomita 1200, kila baada ya miaka 4, na inayofuata ni 2027.

Kama mfuko haukuruhusu mpya, zilizotumika ziko nyingi na nyingi hazijachoka, watu wananunua kwa hamu alafu zinakaa stoo. Omba kuipanda kabla ya kulipa, ongeza uzito taratibu usikilize: mlio wa kusaga au mkanda wa ndani kuteleza ukikaza, achana nayo. Angalia bolti kama zina kutu ya jasho, hakikisha waya wake wa umeme wa asili upo, na muuzaji akuoneshe ikiunganika na simu mbele yako. Na uende na mtu wa kukubebea.