Sindano ya mionzi na kile kimashine kinacholia, mkono wa mama mdogo umesalimika

Mwaka jana tulimpeleka mama mdogo Mumbai, India, kwa operesheni ya saratani ya titi na mie ndo nilokuwa nae mwanzo mwisho. Hospitali siitaji, nazungumzia huduma yenyewe ya kutafuta mtoki, yaani tezi ndogo ya kwapani, kwa dawa ya mionzi, maana kila nikiisimulia hapa Tanga watu wanadhani natunga.

Sie hofu yetu ilikuwa mkono. Hapa Makorora tuna jirani alotolewa mitoki yote ya kwapa zamani, mkono ukavimba na haukurudi tena, bangili haipiti, hata ndoo ya maji habebi. Na mama mdogo anasuka mikeka, ukili hausukwi kwa mkono mmoja jamani.

Sasa asubuhi ya operesheni wakamdunga sindano pembeni ya chuchu, ndani yake kuna teknetiamu-99m, ile ndo yenye mionzi. Dawa inafuata njia zilezile ambazo saratani ingepita ikianza kutoka titini, inafika mtoki wa kwanza inanasa pale. Huyo wa kwanza wanamwita mlinzi, akikutwa msafi basi walio nyuma yake karibu wote nao ni wasafi, sasa ya nini kumkomba mtu kwapa zima? Wakampiga picha, wakaweka alama ya kalamu kwapani, akaingia tieta.

Kuutafuta huo mtoki wana kimashine kinachonusa mionzi, daktari alinionyesha baadae, umbo lake kama kalamu nene ina waya, wanakivisha mfuko msafi wanakipitisha kwapani mgonjwa yuko kwenye nusu kaputi, mbali kinalia mojamoja, kikikaribia mtoki kinalia harakaharaka mpaka huwezi kuhesabu. Wanakata padogo tu. Wakishautoa wanaupima pembeni kuhakikisha ndio wenyewe, halafu wanarudi kusikiliza kwapa, kama kuna mwingine unaotoa mionzi zaidi ya asilimia 10 ya ule uliolia kuliko yote nao unatoka. Kwake ilitoka miwili tu, maabara wakasema misafi yote, alhamdulillah nililia pale pale kwenye benchi.

Na sio mambo ya kubahatisha. Dk. David Krag wa Vermont, Marekani, aliandika kuhusu kutafuta mtoki wa titi kwa kimashine hiki mwaka 1993, halafu akaongoza utafiti wa wanawake 5,611, majibu ya mwaka 2010 yakaonyesha ambao mlinzi wao alikutwa msafi wakaachiwa mitoki iliyobaki waliishi sawa na walokombwa yote.

Kuhusu mionzi, dada zangu walitaka asikumbatiwe akirudi! Ile dawa nguvu yake inapungua nusu kila masaa 6, siku moja ikipita imebaki moja ya kumi na sita, na kiwango chenyewe kidogo tangu mwanzo.

Nyota nawapa nne. Moja nimeinyima kwa sababu ya maelezo. Wanadunga pia rangi ya bluu kumsaidia daktari kuona kwa macho, ila hakuna alotwambia kwamba mkojo utatoka wa kijani, mama mdogo usiku kaenda chooni akapiga ukelele anajua ndo anakufa, mkalimani keshaondoka, nesi hajui Kiswahili, mie Kihindi sijui, tumekaa macho mpaka alfajiri. Mtu umetoka Tanga na saratani unastahili kuambiwa kitu kama hicho kabla.

Lingine, kama mitoki tayari ina saratani na inashikika kwa mkono huduma hii mara nyingi haikufai, kwa hiyo ukiona uvimbe nenda mapema, na muulize daktari wa upasuaji kabla hujasaini, utapimwa mtoki mlinzi au unakombwa wote?

Juzi nimepima mikono yake yote miwili kwa tepu ya fundi cherehani, iko sawasawa, na mkeka wa harusi ya binti yake kashafika nusu.