Mafuta ya upako: tumekagua chupa, bei na ahadi

Meza huwa mlangoni mwa kanisa, kitambaa cheupe juu yake, na nyuma yake dada mmoja wa kwaya akiwa na daftari la mauzo. Juu ya meza kuna chupa za mafuta, leso zilizoombewa, maji, na stika za kubandika kwenye kioo cha gari. Ukumbi waweza kuwa ghorofa ya tatu River Road jijini Nairobi, hema la mabati Umoja au jengo kubwa lenye maegesho kando ya Thika Road. Meza haibadiliki sana. Hapa tunakagua bidhaa moja tu, mafuta ya upako, kama mtu anavyokagua sabuni au unga: ndani mna nini, yanaharibika vipi, na mnunuzi anapata nini kwa hela yake.

Mwenye haraka achukue hili: chupa ya mezani tunaipa 3 kati ya 10, chupa ndogo ya "kutoka Israeli" 6, na mafuta ya zeituni ya supamaketi 9. Alama ni za mafuta. Imani ya mtu hatujaiweka kwenye mizani.

Chupa ya mezani

Ni ya plastiki angavu, mililita 30 au 50, kifuniko cha kubinya, aina ile ile inayouzwa kwa dazeni kwenye maduka ya vifungashio katikati ya jiji. Kwenye lebo utaona picha ya mtumishi, jina la huduma, namba ya simu na mstari mmoja wa Biblia. Sasa tafuta visivyokuwepo: ni mafuta gani, ujazo, aliyetengeneza, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Kitu cha kupaka mwilini kinachotengenezwa na kuuzwa Kenya kinatakiwa kiwe na nembo ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na chini ya nembo hiyo namba ya kibali. Namba hiyo unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza na SM na alama ya reli (#), ukajibiwa jina la kampuni na bidhaa. Kwenye chupa hizi mara nyingi hakuna cha kutuma.

Bila lebo, kinachobaki ni pua na vidole. Weka tone moja kiganjani, lisugue mpaka lipate joto, kisha unuse. Mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza yana harufu ya majani mabichi, na ukilamba yanakereketa kidogo kooni. Mafuta ya kupikia yaliyosafishwa kiwandani hayana harufu ya maana. Mafuta ya watoto yananukia poda na huteleza juu ya ngozi muda mrefu bila kuingia. Hayo yanatokana na petroliamu, mafuta ghafi ya ardhini, na ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu kuna watumishi wanaoagiza waumini wanywe kijiko. Mafuta ya namna hiyo hayamkerekeshi mtu kooni, kwa hiyo hakohoi, na yakipotea njia huteremka hadi mapafuni na kuleta nimonia isiyosikia dawa za kawaida. Mtoto anayelazimishwa kumeza huku analia yuko kwenye hatari hiyo hasa.

Jaribio la friji husaidia, ila lisichukuliwe kama hukumu. Zeituni ikikaa usiku kucha kwenye nyuzi 4 hivi huwa na ukungu au huganda vipande. Mafuta ya alizeti na ya watoto hubaki angavu. Tatizo ni kwamba zeituni iliyochanganywa nayo huganda kidogo, na zeituni safi ya aina fulani hukawia.

Kosa la pili la chupa hii ni plastiki angavu yenyewe. Mwanga na hewa huchachisha mafuta. Chupa iliyokaa mezani Jumapili kadhaa, kisha ikawekwa dirishani au kwenye dashibodi ya gari "kulinda safari", huanza kunuka kama njugu za zamani au kalamu za nta. Hapo si ya kupaka usoni tena, hata kama iliombewa jana.

Chupa ya "kutoka Israeli"

Hii ni ya kioo, mililita 7 hadi 10, na inapatikana kwenye maduka ya vitabu vya Kikristo ikiwa na majina ya ubani, manemane na nardo. Msimbo pau wake ukianza na 729, namba hiyo ilitolewa Israeli. Ukianza na 616, ilitolewa Kenya. Kumbuka namba inaonyesha kampuni ilikosajiliwa tu. Haisemi zeituni zilikamuliwa wapi, wala haisemi kama ni zeituni. Vifungashio ni vizuri na lebo inasomeka. Udhaifu wake ni manukato makali: yenye mdalasini huwasha ngozi laini, na yeyote anayepaka paji la uso la mtu mwenye jasho ajue yatateremka machoni.

Bei

Usiulize chupa ni ngapi, uliza lita ni ngapi. Mililita 30 kwa shilingi 300 ni shilingi 10,000 kwa lita. Chupa hiyo hiyo ikipanda hadi 1,000 kwa kuwa ni ya "kesha la siku 21", lita imepita 33,000. Mafuta ya zeituni ni ghali Nairobi, lakini si hivyo. Tofauti inayobaki ni bei ya maombi, na hapo muuzaji atakwambia maombi ni bure, umechangia huduma tu. Basi mwambie akupe maombi bila chupa.

Anayetaka kujua Maandiko yanasemaje kuhusu malipo ya aina hii asome 2 Wafalme sura ya 5 nzima, maana mimbarini huishia Naamani anapotoka mtoni akiwa mzima. Naamani alikuja na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Elisha hakuchukua hata kimoja. Gehazi, mtumishi wake, alimkimbilia mgeni njiani akapata talanta mbili na mavazi mawili, kisha akatoka mbele ya Elisha na ukoma.

"Kwa fomula ya Musa"

Maneno haya huandikwa kwenye chupa za bei ya juu. Fomula ipo, Kutoka 30: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane (mwanzi wenye harufu) 250, kida (gome linalofanana na mdalasini) 500, na hini moja ya mafuta ya zeituni. Kwa shekeli ya gramu 11 hivi, ni zaidi ya kilo 16 za viungo kwa mafuta ya karibu lita 4. Ukijaribu kukoroga unga huo ndani ya mafuta hayo utapata tope. Lazima viungo vilichemshwa au kukamuliwa kwanza. Chupa nyembamba yenye harufu ya mdalasini wa chai haikupitia huko.

Na hata kama ingepitia, mistari ya 32 na 33 inakataza mafuta hayo yasimiminwe mwilini mwa mtu wa kawaida, wala mtu asitengeneze mengine ya mfano wake, na anayefanya hivyo atakatiliwa mbali na watu wake. Kwa hiyo lebo ikiwa ya kweli, muuzaji amevunja amri. Ikiwa ya uongo, amekudanganya.

Kipimo cha karibu zaidi na matumizi ya leo ni Yakobo 5:14-15. Mgonjwa ndiye anayewaita wazee wa kanisa, wao ndio wanaokwenda, wanampaka mafuta, na kinachotajwa kuwa kitamwokoa ni sala ya imani. Chupa ya kubeba nyumbani haimo. Kanisa Katoliki, ambalo lina utaratibu mrefu kuhusu jambo hili, hutenga mafuta matatu: ya wagonjwa, ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) na krisma, ambayo ni zeituni na balsamu. Hubarikiwa na askofu kwenye Misa ya Krisma, karibu na Pasaka, na hayana bei. Hapo pia unategemea kiongozi, ila huna cha kununua.

Lete chupa yako

Kipimo tunachokiamini kuliko vyote ni hiki. Nunua zeituni yako supamaketi, mimina kidogo kwenye chupa safi, uende nayo ibadani, umwombe mchungaji aiombee. Kuna atakayeweka mkono, aombe dakika moja, akurudishie. Kuna atakayekwambia hayo hayana upako, upako uko kwenye ya mezani. Hapo umeshajua kinachouzwa.

Ukiuliza zaidi, huenda ukajibiwa usiwaguse wapakwa mafuta wa Bwana. Mstari ni Zaburi 105:15, na ile iliyoutangulia inaeleza unahusu nini: Mungu akiwakemea wafalme wasiwaonee Ibrahimu na uzao wake waliokuwa wageni katika nchi. Ni ulinzi wa mnyonge dhidi ya mwenye mamlaka. Kuuliza mafuta yalitengenezwa lini hakumo.

Angalia pia njia ya malipo. Kabla ya malipo kukamilika, M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea. Namba ya malipo ya Paybill au Till yenye jina la kanisa ni jambo moja. Jina la mtu binafsi, au namba ya simu unayoambiwa utume kama kwa rafiki, ni jambo lingine kabisa. Pesa hiyo haimo kwenye hesabu za kanisa, na hakuna mzee wa kanisa atakayeiona. Omba risiti. Wanaouza kihalali hawashtuki.

Yanapoharibika kweli

Ngozi ikiwasha, osha kwa sabuni na maji. Tatizo kubwa ni ahadi inayosema paka siku 7 na uache dawa kuonyesha imani. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, damu hujaa asidi na hali huwa mbaya ndani ya siku moja au mbili. Anayekatiza dawa za kifafa ghafla hurudiwa na degedege, wakati mwingine mfululizo bila kukoma. Anayeacha ARV, dawa za virusi vya Ukimwi, anaweza kujisikia vizuri kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo hutolewa ushuhuda, huku virusi vikipanda. Mtumishi anayesema "endelea na dawa, nasi tunaomba" hajapungukiwa na imani. Tungenunua kwake kwanza, kama tungenunua.

Vimiminika vya rangi vina ukaguzi wake. Mwaka 2014 runinga ya KTN ilionyesha jinsi pamanganeti ya potasiamu, fuwele za zambarau zinazopatikana kwa kemisti, zilivyogeuza maji ya kunawa miguu kuwa mekundu kama damu, huku waumini wakiombwa "mbegu", yaani sadaka, ya shilingi 310. Ukikutana na maji ya namna hiyo, kamulia limau: rangi hufifia upesi. Damu haifanyi hivyo. Na doa la kahawia likibaki kwenye kucha na taulo kwa siku kadhaa, huhitaji mpelelezi.

Upande wa Eastleigh na karibu na msikiti wa Jamia, meza ina habasoda, mafuta ya zeituni yaliyosomewa na maji ya Zamzam. Maswali ni yale yale. Saudi Arabia hairuhusu Zamzam isafirishwe kwa biashara, kwa hiyo katoni nzima dukani iulizwe ilikotoka. Nayo ruqya, kisomo cha Qur'ani cha kuomba uponyaji, haidai sheikh wa kulipwa: Al-Fatiha, Ayatul-Kursi na sura tatu za mwisho, mwenye kuumwa anajisomea mwenyewe.

Kujitengenezea

Chukua mililita 100 za zeituni ya mkamuo wa kwanza, iliyouzwa kwenye kioo cheusi au kijani. Osha chupa yako ya kioo kwa maji moto na sabuni, iache kichwa chini siku nzima ikauke. Tone la maji likibaki, mafuta huwa na utusitusi na kunuka mapema. Ukitaka harufu, tone 5 za mafuta halisi ya ubani zinatosha, na usizidishe 20, ambazo ni kama asilimia moja. Mdalasini uache. Kifuniko chenye mpira wa kudondoshea hulainika na kunata kikiguswa na manukato, kwa hiyo chupa isimame wima au tumia kifuniko cha kawaida. Paka tone moja upande wa ndani wa mkono, subiri saa 24. Andika tarehe, weka kabatini, tumia ndani ya miezi 6.

Yakichacha usiyamwage kwenye sinki, yataziba bomba. Wanaoona haya kutupa kitu kilichoombewa wayatie kwenye bakuli la udongo na utambi wa pamba. Zeituni iliyochacha bado huwaka vizuri.