Matembezi ya Usiku katika Msitu wa Amani: Tathmini ya Huduma kwa Wapiga Picha

Mpiga picha anayekwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani akitarajia wanyama wakubwa atashuka mlimani akiwa na kinyongo, ilhali yule aliye tayari kuinama na kukagua majani yaliyo chini ya goti lake atapata kazi ya kumtosha kwa miaka mingi. Nimeitumia huduma ya matembezi ya kuongozwa ya Amani mchana na usiku, nikiwa na kamera mkononi muda wote, na ninachokipima hapa ni jambo moja tu: je, inamfaa mtu aliyekuja kupiga picha? Matembezi ya usiku yanamfaa kwa kiwango cha juu sana. Ya mchana yanamfaa kwa masharti.

Amani iko kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga, na mwaka 1997 ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kupewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia. Ina ukubwa wa takriban hekta 8,380, kuanzia mabonde yaliyo chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari hadi vilele vinavyopita mita 1,100. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hugonga kuta za milima hiyo na kumwaga mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa kuwa msitu huu umekaa mbali na misitu mingine ya mvua kwa muda mrefu mno, umekuwa na viumbe wake wenyewe ambao ni adimu au hawapo kabisa kwingineko duniani. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti hapa mwaka 1902 pamoja na bustani kubwa ya mimea, na majengo yao ya zamani bado yanaonekana miongoni mwa miti iliyoletwa kutoka pembe zote za dunia. Mpiga picha anapaswa kulifahamu hilo mapema, kwa sababu mti mrefu wa kuvutia uliosimama kando ya njia huenda asili yake ni Asia, na picha yake haitakuwa picha ya msitu wa Usambara.

Tatizo la kwanza la msitu wa mvua popote ulipo, iwe Borneo, Kosta Rika au bonde la Kongo, ni mwanga. Saa sita mchana, jua likiwa kali juu ya mashamba ya chai, chini ya miti ya Amani kunabaki giza la kijani lenye vipande vya mwanga mkali vilivyotawanyika ovyo, na hakuna kamera inayoweza kubeba vyote viwili kwa pamoja bila upande mmoja kuharibika. Hapo ndipo ninapoilaumu ratiba ya kawaida ya matembezi ya mchana, ambayo huanza baada ya kifungua kinywa na kumalizika mchana, yaani katika saa zilezile ambazo picha hazitoki. Anayetaka picha na aombe kuanza alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala kati ya miti, kwani ukungu husawazisha mwanga na kuyatenga mashina ya mbele na yale ya nyuma. Waongozaji niliotembea nao walikubali ombi hilo bila kunung'unika, mradi liwe limetolewa tangu jana yake. Kichujio cha polaraiza kinasaidia kuliko lenzi ya gharama, kwa sababu kila jani lililoloa hung'aa kama bati jipya na kuficha rangi yake halisi, na kichujio hicho huondoa mng'ao huo.

Kwa ndege, nitasema wazi kwamba huduma hii inamwacha mpiga picha na njaa. Chozi wa Amani, ambaye jina lake la kisayansi ni Hedydipna pallidigaster, hutafuta chakula juu kabisa kwenye vilele vya miti, na aliye chini huona tumbo lake jeupe dhidi ya anga jeupe. Ndege mdogo aitwaye Artisornis moreaui, aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani tangu mwaka 1928, hujificha kwenye mimea itambaayo iliyosongamana na husikika zaidi kuliko anavyoonekana. Hondohondo na mbega ni rahisi zaidi kuwapata, hasa karibu na nyumba za kituo, lakini nao hukaa juu. Msitu wa Nyungwe nchini Rwanda umelitatua tatizo hili kwa daraja la kuning'inia linalompitisha mgeni katika usawa wa vilele vya miti tangu mwaka 2010. Amani sikuona daraja wala mnara wa namna hiyo, na mwenye nia ya kupiga picha za ndege peke yake ningemshauri afikirie kwanza kabla ya kubeba lenzi yake nzito hadi huku.

Kinachobadilisha hesabu yote ni usiku. Vinyonga hulala kwenye ncha za matawi, na wanapolala rangi yao hupauka, hivyo tochi ikiwapitia hujitokeza wazi dhidi ya majani mabichi. Hilo linaelezeka kwa sentensi moja, lakini kuliona kwa vitendo kunahitaji jicho ambalo mgeni hana. Mwongozaji wetu, mzee wa kijiji cha jirani ambaye kila tuliyepishana naye njiani alimwamkia shikamoo, alitembea taratibu mno, tochi yake ikiwa imeshikwa usawa wa shavu ili macho yake yafuate mwanga moja kwa moja. Alisimama mahali ambapo mimi nilikuwa nimekwisha kupita. "Mwanangu, rudi nyuma hatua mbili, na usikanyage pembeni," aliniambia, kisha akaelekeza kidole kwenye kijiti chembamba kisichofika urefu wa goti. Nilichokiona mwanzoni kilikuwa jani lililokauka. Baada ya kusogea, jani hilo likawa na mgongo, mikono midogo iliyoshika kijiti, na jicho lililofumbwa: kinyonga wa jamii ya vibete, ambaye hata kidole changu cha kati kilikuwa kirefu kuliko yeye mzima.

Juu kidogo ya hapo, kwenye matawi yaliyo usawa wa kichwa na zaidi, ndiko anakolala Trioceros deremensis, kinyonga mkubwa wa Usambara ambaye dume lake lina pembe tatu na jike halina hata moja. Jina lake linatokana na Derema, eneo lililo jirani kabisa na hapo. Chini, kwenye majani yaliyooza, kuna vyura wadogo wa jenasi ya Nectophrynoides, ambao hawatagi mayai majini kama vyura wengine bali huzaa watoto waliokwisha kamilika. Mzee wetu aliyajua haya yote, na zaidi ya kuyajua, alifahamu mpiga picha anahitaji nini: alishika tochi yake ubavuni mwa mnyama ili kamera ipate kulenga, akaiondoa kabla ya flashi kuwaka, na alipoona picha za mnyama mmoja zimetosha alisema tumwache alale. Sikumwona akimshika mnyama au kuvunja tawi ili picha ipendeze, jambo ambalo nimewahi kulishuhudia likifanywa na waongozaji wa misitu mingine kwa ajili ya bakshishi, na linalonikera mno, kwa sababu kinyonga aliyeamshwa na kuhamishwa usiku huachwa mahali asipopachagua mwenyewe.

Kwa kazi hiyo ya usiku, lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, yenye urefu wa kati ya milimita 90 na 105, flashi moja iliyofunikwa kwa kitambaa au karatasi nyeupe ya kulainisha mwanga, na tundu la lenzi la f/8 hadi f/11 vinatosha. Stendi ya miguu mitatu ibaki chumbani usiku, maana mahali penyewe ni pafinyu na miguu yake huvunja mimea, ila mchana ni ya lazima kwa anayetaka kuipiga picha ile mimea ya urujuani maarufu duniani kama urujuani wa Kiafrika. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huku Tanga, na mwaka 1893 mmea huo ukapewa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha. Leo ua hilo liko kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, lakini hapa linaota kwenye miamba yenye kivuli kandokando ya vijito, na ni wachache wanaofika kulitazama likiwa nyumbani kwao. Kivuli cha majani huitia picha ukijani unaoua urujuani wake, kwa hiyo rekebisha mizani ya weupe, yaani mpangilio wa kamera unaosahihisha rangi, kwa kadi ya kijivu pale pale mwambani.

Malazi yanatofautiana sana, na katika nyumba moja niliyolala umeme ulikatika usiku kucha huku mhudumu akiwa hana habari ya lini ungerudi, hivyo betri za akiba zijazwe tangu Muheza. Kamera isitolewe ghafla kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingizwa msituni, kwani lenzi itajaa mvuke na kinyonga hatangoji ikauke. Barabara ya udongo kutoka Muheza kupitia Sigi huwa ngumu wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ingawa vyura huwa wengi zaidi mvua zinaponyesha. Vuli, hasa Novemba, ndio msimu ninaoupendekeza.

Viingilio vya serikali hulipwa kwa utaratibu rasmi na mgeni hupewa risiti, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni wa mbali. Ujira wa mwongozaji ni suala jingine, na hapo ndipo ningependa wapiga picha wenzangu wawe wakarimu. Mtalii wa kawaida humaliza njia ya usiku mapema, lakini mpiga picha humsimamisha mwongozaji kwa muda mrefu mbele ya chura mmoja. Kampuni moja ya utalii ya mjini, ambayo wageni wake nilikutana nao, huwaleta watu asubuhi na kuwarudisha kabla ya magharibi, kisha huwaambia kwamba wameiona Amani. Anayekuja na kamera na alale angalau usiku mmoja, aombe kutembea na kundi lisilozidi watu watatu, na aelewane na mwongozaji kuhusu malipo ya saa za ziada kabla ya tochi kuwashwa.