Tathmini ya kozi ya modeli za kihisabati: masomo mazuri, mitihani migumu bila sababu

Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya majuma nane inayofundisha kuunda modeli za kihisabati, yaani kulichukua tatizo la kawaida, kuliandika kwa milinganyo, kulitatua, kisha kulipeleka jibu kwenye hali halisi likapimwe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niithamini kozi, na ndiyo inayosahauliwa mitihani inapofika.

Somo lililonikaa zaidi ni la maji moto. Maji yana nyuzi 90, chumba kina nyuzi 25, na baada ya dakika 10 maji yameshuka hadi 70. Je, dakika ya 20 yatakuwa na nyuzi ngapi? Mwenye haraka hujibu 50, na mkufunzi, badala ya kumsahihisha, humwacha aendelee hivyo hivyo mpaka dakika ya 40, ambapo maji yanakuwa na nyuzi 10, baridi kuliko chumba chenyewe. Hapo ndipo inapoletwa kanuni ya Newton, kwamba kasi ya kupoa huenda sambamba na tofauti ya joto kati ya kitu na mazingira yake: tofauti ya 65 imepungua hadi 45, basi kwa uwiano uleule itashuka hadi 31 hivi, na maji yatabaki na nyuzi 56.

Nilirudia jaribio kwa kikombe kisicho na kifuniko. Vipimo vyangu vya mwanzo viliniambia nitarajie nyuzi 54 dakika ya 20, kipimajoto kikaonyesha 56, kwa sababu mvuke hutoka kwa wingi maji yakiwa moto sana na kuharakisha upoaji hasa katika dakika za mwanzo. Nilipofunika kikombe, hesabu na kipimo vilikaribiana.

Sura ya magonjwa ya kuambukiza, iliyojengwa juu ya modeli ya watafiti Kermack na McKendrick ya mwaka 1927 inayoeleza jinsi ugonjwa unavyoenea kati ya watu, imepitishwa mbiombio. Haielezi kwamba milinganyo yake huchukulia kila mtu hukutana na wengine wote kwa usawa, jambo ambalo hata familia moja hulikanusha.

Kero kubwa ni usahihishaji wa kompyuta. Kwa swali lile la maji moto niliandika 56, ikakataliwa, ilitakiwa 56.15, usahihi ambao kipimajoto changu hakina. Anayezijua logi (logarithimu) na kutafuta mnyambuo, yaani kasi ya kitu kubadilika, ajiunge kwa ajili ya masomo. Mitihani aifanye tu kama anahitaji cheti.