TAHADHARI: "Seramiki ya miaka mitano" inayopigwa chini ya mwembe, Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi, Masasi na Newala, hasa nyinyi mlioshusha gari karibuni na namba E bado haijapata vumbi: kuna vijana wanazunguka na mashine ya polishi na jenereta ndogo. Wanasema wanaondoa mikwaruzo ya duara na madoa ya maji kwenye rangi, halafu wanafunika na "seramiki" yenye waranti ya miaka mitano. Msiwape gari. Wanachopaka ni mafuta ya kuficha mikwaruzo, na kwenye baadhi ya magari wamesugua mpaka klia (tabaka angavu la juu linalolinda rangi) imeisha.

Mimi ni fundi rangi. Kabla mtu hajasema naona wivu, ajue kwamba hawa jamaa wananiletea wateja. Gari wakishaliharibu linakuja kwetu kupigwa boneti upya, na boneti moja inalipa kuliko polishi ya gari zima. Kwa masilahi ya tumbo langu, wangeendelea tu. Tatizo ni kwamba rangi ya kiwandani ikishaondoka hairudi. Kiwandani bodi inaokwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi mia na zaidi, ndani ya chumba kisicho na vumbi. Sisi huku tunategemea jua na dua upepo wa bahari usilete mchanga. Hata fundi awe hodari vipi, jicho la mnunuzi mjuzi litaona boneti imepigwa, na bei ya kuuzia inashuka hapohapo.

Wanapenda maegesho ya benki, hospitali, nje ya msikiti siku ya Ijumaa na kanisani Jumapili. Msimu wa korosho, pesa za mnada zikishaingia kwenye akaunti, wanaongezeka. Wanachagua gari jeusi, la bluu iliyokolea au la rangi ya zabibu, kwa sababu huko mikwaruzo inaonekana vizuri. Adabu wanayo tele. "Shikamoo mama. Samahani, hili gari lina muda gani? Mbona rangi inakufa mapema hivi? Njoo uone." Anawasha tochi kali na kuielekeza kwenye boneti, na kweli, unaona duara nyembamba zimejaa kuzunguka mwanga. Mama wa watu, gari amelileta juzi kutoka Dar, moyo unampasuka.

Tochi haidanganyi, na ndiyo maana mtego unanasa. Mikwaruzo ipo. Gari lolote lililooshwa mara kadhaa kwa dodoki lenye mchanga linayo, na haya ya kutoka Japani yameshafutwafutwa na watu wengi kabla hujakabidhiwa ufunguo. Ni mikwaruzo myembamba iliyoelekea kila upande. Inaonekana kama duara kwa sababu mwanga unarudishwa machoni na ile tu iliyokingamana nao. Mwambie asogeze tochi kidogo, utaona duara linahama pamoja na mwanga. Lingekuwa limechorwa pale kweli, lingebaki pale. Rangi haifi kwa hilo. Ni suala la urembo, na unaweza kuishi nalo miaka.

Baada ya tochi wanakuonyesha muujiza. Wanabandika utepe wa karatasi katikati ya boneti, upande mmoja wanapaka krimu nzito nyeupe, wanasugua dakika chache na kufuta. Upande ule unawaka, mikwaruzo huioni tena. Bei inaanza juu sana, halafu inashuka haraka mno "kwa sababu wewe ni mteja wetu wa kwanza leo". Bei inayoporomoka hivyo bila wewe kubembeleza ingetosha kumfanya mtu aondoke, ila wengi kwa wakati huo macho yapo kwenye ile nusu ya boneti.

Krimu ile ina mafuta na vijazio vinavyoingia ndani ya mkwaruzo na kuuficha. Si sumu, na ipo halali madukani. Wauza magari wanaitumia siku zote kabla ya mteja kufika. Ni kama poda juu ya chunusi. Ukiosha gari kwa sabuni mara mbili tatu, kila kitu kimerudi. Kuondoa mkwaruzo kwa kweli ni kazi nyingine kabisa: unaishusha klia ya pembeni mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Na klia ya kiwandani ni nyembamba, kama mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani haifiki unene wa unywele. Rangi yote kwa pamoja, kuanzia praima hadi klia, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150. Kwa hiyo polishi ya kukata si kitu cha kufanya kila mwaka kama kubadilisha oili. Fundi anayejua anaanza na dawa laini ya polishi na pedi laini (sponji ya mashine) kwenye sehemu ndogo, anatazama, anapandisha ukali ikibidi tu, na gari zima linamchukua siku nzima au zaidi. Anayekuambia "nipe saa moja unywe chai" anapaka mafuta, au anakata ovyo.

Wanaokata ovyo ndio wabaya zaidi. Mashine wanayotumia ni ile ya kuzunguka moja kwa moja, jamii ya grainda, wakati inayofaa kwa asiye mzoefu ni ile inayozunguka huku ikitikisika. Ya kwanza inapandisha joto upesi. Kwenye ukingo wa boneti, mistari ya milango na pembe za bampa klia ni nyembamba na pedi inakandamiza eneo dogo, kwa hiyo hapo ndipo inapotoboka. Kaka mmoja mwalimu alileta gari lake jeusi: ukingo wote wa boneti umekuwa na mstari wa kijivu usio na mng'ao, na katikati kumejaa mawingu ya mistari inayocheza ukilitazama juani. Vijana walimwambia ni "dawa haijakauka". Dawa gani! Ile ni klia imeliwa, na mistari ni alama za mashine yenyewe.

Kuna dalili unayoweza kuiona ukiwa umesimama pale. Tazama pedi. Kwenye gari lenye klia, pedi inatakiwa ibaki na rangi ya dawa. Ikianza kuwa nyeusi kwa gari jeusi au nyekundu kwa gari jekundu, simamisha kazi papo hapo. Magari machache, hasa ya zamani meupe, yamepigwa rangi isiyo na klia, na hayo pedi itachukua rangi hata kwa fundi mzuri. Gari lako la juzi haliko kwenye kundi hilo.

Na kipimo cha kufichua mafuta: nenda kwa mafundi simu, waombe isopropili alkoholi kidogo, ile wanayosafishia bodi za simu. Changanya nusu kwa nusu na maji safi, loanisha kitambaa laini, futa sehemu waliyoionyesha, kisha tazama kwa tochi yao wenyewe. Mikwaruzo ikirudi, umejua. (Usifanye hivyo kwenye sehemu iliyopigwa rangi wiki hii.) Dada mmoja muuguzi aliwaomba wafute mbele yake, wakasema alkoholi "inaua seramiki". Bado walikuwa hawajapaka seramiki yoyote.

Tukija kwenye hiyo seramiki. Kitu chenyewe kipo na kinafanya kazi: ni kimiminika chenye asili ya silika kinachoganda juu ya klia, unene wa mikroni moja au mbili, kikafanya maji yateleze na uchafu usishike sana. Lakini masharti yake ni makali. Rangi lazima isafishwe na kupolishiwa kwanza, mafuta yote yatolewe kwa alkoholi, ipakwe kivulini pasipo vumbi, matone machache kwa kipande kidogo, ifutwe kwa wakati, halafu gari lisiguswe na maji kwa saa nyingi, na sabuni ingoje siku kadhaa. Chini ya mwembe, upepo wa Shangani, ufukweni Mtwara, unavuma, kijana anapuliza kutoka kwenye chupa ya spreyi na kukukabidhi gari uondoke nalo mvua ikinyesha? Hapana. Kadi yao imeandikwa "9H", na wanasema maana yake hata jiwe halikwaruzi. 9H ni kipimo cha ugumu wa penseli, ile ngazi ya B na H unayoiona kwenye penseli za kuchorea. Kokoto ya barabarani haina habari nayo.

Madoa ya maji nayo wanayageuza kuwa ugonjwa. Huku pwani visima vingi vinachimbwa kwenye mwamba wa chokaa, na maji yakikauka juu ya boneti ya moto yanaacha chokaa yake pale, duara jeupe. Wao wanalitoa kwa sekunde, na watu wanapiga makofi. Mimi nimenusa chupa yao: ni asidi kali, harufu ya dawa ya kusafishia choo. Doa linatoka kweli, ila dawa ikichuruzika inapausha plastiki nyeusi za madirishani na kula kromu. Gari moja lilikuja na nembo ya mbele imebabuka yote.

Doa bichi unalitoa mwenyewe nyumbani. Gari likiwa limepoa, kivulini, changanya siki nyeupe na maji sawa kwa sawa, weka kitambaa kilicholoa juu ya doa dakika moja, futa taratibu, suuza kwa maji mengi, kausha. Usiache siki ikaukie hapo. Doa likibaki na ukipitisha kucha unahisi kishimo, limeshakula klia. Hilo ni la polishi, na kama ni la kina sana afadhali uliache kuliko kutoboa klia ukilifukuza. Vivyo hivyo kwa utomvu na maji ya mabibo kwa wanaoegesha chini ya mikorosho: yatoe siku hiyohiyo.

Kuhusu mikwaruzo mipya, ongeeni na vijana wanaowaoshea. Kwanza maji mengi yashushe mchanga, ndipo dodoki liguse bodi. Dodoki la matairi lisipande juu. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia. Na asifute vumbi kavu kwa kitambaa, hata kama una haraka ya harusi.

Malipo ndiyo yanayomaliza ubishi wote. Wanataka pesa kwa simu kabla ya kazi, na jina linalotokea kabla hujathibitisha halifanani na la kwenye kadi. Wanasema ni "la bosi". Risiti ya EFD hawana, eneo la kudumu hawana, na namba ya waranti inazimwa wakishahama mji. Walioliwa tayari: piga picha za rangi juani, hifadhi kadi na ujumbe wa muamala, nenda polisi uchukue RB. Malalamiko ya mlaji yanapokelewa pia na Tume ya Ushindani. Na tafadhali usimwite kijana mwingine "arekebishe" kwa kusugua tena. Klia iliyobaki ndiyo hiyo hiyo. Mtafute fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, akague kwanza milango na boneti. Kwenye bampa za plastiki vipimo vya kawaida havisomi, kwa hiyo asikudanganye na namba za hapo.

Nyongeza: wameanza kuuza chupa pia, "nano seramiki ya kujipakia", kwenye stendi na minadani. Aliyoninunulia shemeji yangu niijaribu ilitoa povu nilipoitikisa, na matone ya maji juu ya rangi yalikaa vilevile kama upande usiopakwa. Mara ya mwisho wameonekana upande wa Masasi, fulana nyeupe zenye nembo ya gari, jenereta nyuma ya gari dogo la fedha. Mlioko Nachingwea na Ruangwa, huenda zamu yenu inafuata.